Naomba ushauri: Ioudaios ni Myahudi au Myudea?

Wapendwa, naandaa maelezo ya Injili ya Yohana kwa wasomaji wa Kiswahili na nimekwama kwenye neno la Kigiriki Ioudaios (wingi Ioudaioi). Asili yake ni Yuda: kwanza kabila, kisha nchi.

Kiswahili chenyewe kinaongeza ugumu. Katika Union Version (tafsiri ya Biblia ya Kiswahili), "Uyahudi" ni nchi, ilhali kwa msomaji wa leo ni dini pia. Nikiandika "Myudea" (mtu wa Yudea, yaani nchi hiyo ya Uyahudi), Yohana 7:1 inaeleweka vizuri: Yesu anabaki Galilaya kwa kuwa watu wa Yudea wanataka kumwua. Lakini 7:13 inasema watu waliokuwa Yerusalemu waliwaogopa Ioudaioi, nao wenyewe ni Ioudaioi! Hapo naona wanaotajwa ni wakuu. Kisha 4:9 mwanamke Msamaria anamwita Yesu, mtu wa Galilaya, Ioudaios. "Myudea" inapwaya kabisa.

Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, naye anasimulia kwamba Waidumaya (watu wa kusini mwa Yudea), karne ya 2 KK chini ya Yohane Hirkano, mtawala wa Wayahudi, walitahiriwa, wakashika sheria na kuwa Ioudaioi bila kuhama kwao. Kwa hiyo ardhi peke yake haitoshi.

Ninavyoelekea: "Wayahudi" kila mahali, "wakuu wa Wayahudi" pale muktadha unapodai, pamoja na tanbihi. Nahofia "Wayudea" itawafuta Wayahudi kwenye maandiko yao, na "Wayahudi" bila maelezo itachochea chuki dhidi ya taifa zima.

Wenye uzoefu wa tafsiri, 7:13 na 20:19 (wanafunzi wamejifungia kwa kuwaogopa Ioudaioi) mngeziandikaje? Na je, "wakuu wa" iingie ndani ya aya au ibaki kwenye tanbihi?