Fundi magari Kigoma: gari zinakuja na maji ya dagaa, mawese na tope. Wateja niwaambieje?

Fundi_Mwanga
Wakuu, habari za kazi. Nina gereji ndogo hapa Kigoma mjini, maeneo ya Mwanga, na vijana wawili wanaojifunza kwangu. Naomba ushauri wa mafundi wenzangu, na wenye magari pia wachangie maana jambo lenyewe linawahusu.

Sizungumzii vumbi wala tope la kawaida. Gari ya mkoa huu wakati wa mvua lazima ije na tope, na fundi anayelalamikia hilo atafute kazi nyingine. Nazungumzia gari iliyopakia dagaa wabichi Kibirizi alfajiri, maji yakapenya chini ya kapeti, halafu inaletwa kwangu saa sita mchana, jua la utosi, vioo vimefungwa. Mwenye gari ananipa ufunguo, "Fundi, inakosa nguvu, niangalizie," anapanda bodaboda anaondoka zake.

Wanaozijua Noah za zamani wanajua injini ilipo: chini ya viti vya mbele. Kufika kwenye plagi tu, lazima unyanyue kiti, ukunje kapeti, ndipo ufungue kifuniko. Wiki iliyopita kijana wangu alikunja kapeti ya namna hiyo akakuta funza wamejaa kwenye ile sponji ya chini. Alitoka nje akatapika. Akarudi mwenyewe, akamaliza kazi, lakini mimi iliniuma sana. Mteja alilipa plagi na ufundi. Muda wote wa kuchokoa na kusafisha hakuna aliyeulipa.

Bado kuna waliomwagikiwa dumu la mawese nyuma, mafuta yakashuka mpaka kwenye nyaya. Kuna Canter za chumvi kutoka Uvinza, nati zimeshikana kwa kutu, unakata badala ya kufungua. Na walioshusha mbuzi jana yake.

Ninachouliza: ni sawa kumtoza mteja hela ya usafi kabla sijagusa gari? Na kuna mzee mmoja, mteja wangu tangu nafungua, wengi wa wateja nilio nao ameniletea yeye. Gari yake ndiyo inaongoza kwa uchafu. Huyo nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?

Spana_Tabora
Mkuu, toza, na useme mapema. Mimi nipo Tabora, huku shida yetu ni tope zito la mbugani, vumbi la tumbaku, na asali. Gari iliyomwagikiwa asali ikiingia gereji, nyuki nao wanaingia nyuma yake, na siku hiyo hakuna fundi anayeinama kwenye boneti.

Kosa la mafundi wengi ni kumwambia mteja "gari yako chafu". Hapo umemtukana. Mwambie "sioni". Maana ndiyo ukweli wenyewe: injini ikiwa na tope lililochanganyika na oili huwezi kujua uvujaji unaanzia wapi. Ni gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini? Ni sili ya mbele? Oili inashuka, upepo unaitawanya, mwisho sampo nzima, lile bakuli la oili chini ya injini, imelowa na wewe unabadilisha kitu ambacho hakikuwa kibovu. Vivyo hivyo kule chini, buti ya draivushafti, ule mpira unaofunika kiungo chake, hata ikiwa imechanika, ikifunikwa na tope inaonekana nzima kabisa.

Mimi nachukua kitambaa, nafuta sehemu moja tu mbele ya mteja, kama kiganja. Namwonyesha hapo palipofutwa na pembeni yake. Namwambia, "Bosi, niioshe chini kwanza, ikauke, niiwashe dakika chache, nitakuonyesha kwa kidole inapovuja." Sijapata aliyekataa baada ya kuona.

Mpiga_Jeki
Kazi ya ufundi ni uchafu, ndugu yangu. Ukianza kumtoza mtu hela ya tope, gereji ya jirani haitozi. Angalia usije ukabaki na jeki zako.

Fundi_Mwanga
Mkuu Mpiga_Jeki, hofu yangu ndiyo hiyo hiyo, sikufichi. Lakini oili na grisi ni uchafu wa kazi yangu. Funza wa dagaa si uchafu wa kazi yangu.

Mama_Katonga
Jamani niwasemee wenye magari. Mimi nafanya biashara ya dagaa na migebuka, nina Noah. Mdogo wangu, wengi wetu hatujui kama tunakukera. Pua zetu zimeshazoea, harufu hiyo ndiyo hela yetu, watoto wanasoma kwa hiyo. Na gari ikiharibika tunakimbilia kwa fundi mzigo ukiwa bado unatudai, nani akumbuke kupitisha kwa waosha magari?

Nikwambie kilichonibadilisha. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, gari ilikaa bila mzigo miezi mitatu. Nikasema niifanyie usafi wa kweli. Fundi alivyotoa kapeti zote, bodi ya chini upande wa abiria ilikuwa imeliwa na kutu, unapitisha kidole unaona ardhi. Unyevu ulikuwa haukauki hata siku moja. Gharama ya kuchomelea ilinitoa jasho. Angekuwepo fundi wa kuniambia mapema ningemlipa hela ya kuosha kila mwezi na asante juu.

Sasa hivi natandika turubai zito, nakunja kingo zote juu kama beseni, na juu yake naweka ndoo zenye vifuniko. Waambie wateja wako hivyo. Usiwaonee haya.

Muuguzi_Kgm
Naomba hapa nisisitize, maana nimesoma uzi wote sijaona anayezungumzia afya za hao vijana.

Gari yenye harufu ya dagaa na nafaka inavuta panya. Panya akilala kwenye gari anakojoa humo. Mkojo wake unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ile iliyotokea Lindi mwaka 2022 ikaua watu. Mifugo pia inaweza kuibeba, kwa hiyo gari iliyolaza mbuzi nayo ihesabu. Vimelea vinaingia kupitia mchubuko, macho, mdomo. Fundi gani hana mchubuko mkononi? Dalili zake ni homa, kichwa, misuli kuuma, mtu anadhani malaria. Ikiwahiwa inatibika kwa antibayotiki, kwa hiyo kijana akiugua aende hospitali na aseme kazi anayofanya.

Halafu acheni kunawa petroli. Najua inatoa grisi upesi, lakini inakausha ngozi mpaka inapasuka, na kwenye hiyo mipasuko ndiko uchafu unakoingia. Petroli ina benzini, na benzini inasababisha saratani. Sabuni ya unga na sukari kidogo, sugua, suuza. Hata mafuta ya kula yanalainisha grisi kabla ya sabuni.

Na lile vumbi jeusi la breki msilipulize kwa kompresa. Lowesheni kwanza. Baadhi ya pedi zina asbesto, na ile inabaki kwenye mapafu. Glovu, miwani, barakoa: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa hivi. Wewe ndiye mwajiri wao, kaka, hata kama unawaita wanafunzi.

Dereva_Kasulu
Mimi naongezea moja tu kwa mwenye gereji. Mkianza kuosha injini, osheni kwa akili. Niliwahi kupeleka gari inatembea vizuri, wakaipiga maji ya presha injini ikiwa ya moto, ikawa haiwaki. Maji yaliingia kwenye koili. Subirini ipoe, fungeni nailoni kwenye alteneta, koili na boksi la fyuzi, betri itolewe waya, na maji yasiwe ya nguvu.

Fundi_Mwanga
Asante Dereva, hilo nakubaliana nalo asilimia mia. Kwa wenye tatizo la mawese: asubuhi kukiwa na baridi yanakuwa yameganda, ukisugua unayasambaza. Maji ya moto na sabuni ya unga, kitambaa, taratibu. Jua likipanda yanalainika yenyewe.

Dada Muuguzi, nimekuelewa. Glovu nilikuwa nanunua zikiisha nakaa. Miwani sijawahi. Nitanunua.

Luiche
Maji ya kuoshea mnayamwaga wapi? Naona vijana wanapeleka gari hadi ukingoni mwa maji wanaoshea hapo hapo, oili inaelea, na wengine wanachota ndoo ya kupikia mbele kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani na mtoni. Kigoma hatuna ziwa lingine. Omba maranda kwa mafundi seremala, mwaga sehemu oili inapodondoka, yananyonya, kisha yafagie na uyakusanye. Oili chafu iweke kwenye madumu, usiimwage mtaroni.

Fundi_Mwanga
Gereji yangu iko mbali na maji lakini mtaro unaelekea huko huko. Wazo la maranda zuri, jirani yangu ni seremala.

Bado la mzee halijajibiwa.

Mzee_wa_Gia
Nimefanya kazi hii tangu enzi za Land Rover 109, nimestaafu nipo Ujiji. Mwanangu, mzee haambiwi mbele ya watu wala kwa simu. Siku akija, usimpokee ukiwa umeshika spana. Nawa, mpe kiti, mwamkie vizuri, muulize nyumbani. Gari isubiri.

Kisha mwambie hivi: "Mzee, gari hii ndiyo iliyonileta hapa nilipo, nataka idumu. Leo naomba niioshe chini na ndani, hii ni juu yangu, tuione pamoja ikiwa safi." Osha kweli, toa kapeti, mwite aje aone kutu kwa macho yake, kama yule mama wa Katonga alivyoiona. Usimwambie zaidi. Mtu mzima akiona, ameelewa. Mara ya pili ndipo umtajie bei ya kuosha, na umtajie ile ile unayowatajia wengine. Ukimsamehe kila mara, siku moja atasikia wengine wanalipa, atajiuliza unamwonaje.

Fundi_Mwanga
Shikamoo mzee. Hili limeniingia.

Je, mteja akisema ataenda kuosha mwenyewe?

Spana_Tabora
Mwache akaoshe, usimng'ang'anie. Mwambie tu aoshe na chini, maana wengi wanang'arisha bodi na vioo, chini kunabaki vile vile. Na iwe imekauka akija.

Bei iandike kwenye kibao hapo mlangoni: kuosha chini kiasi fulani, kutoa kapeti na kusafisha ndani kiasi fulani. Kibao hakigombani na mtu. Na hiyo hela usiichanganye na ya ufundi. Anayenyanyua kapeti ndiye aipate, siku hiyo hiyo, mkononi.

Fundi_Mwanga
Hiyo ya mwisho sikuwa nimeiwaza. Jumatatu naongea na vijana wangu, tupange bei nao kabla sijampa mchoraji kibao.