Naomba ushauri: albamu gani za pwani zimesahaulika? Wazee wa barazani wamechoka na nyimbo zile zile

MuuzaKahawa

Asalaam aleikum nyote. Nauza kahawa Bondeni, Mombasa. Kibanda si kikubwa: jiko la makaa, madele mawili, finjani kumi na tano (zilikuwa kumi na saba kabla ya Ijumaa), kashata kwenye sinia, na spika ya bluetooth nimeitundika msumarini. Wateja wangu wengi ni wazee. Hujaa baada ya alasiri, wakacheza dhumna, wakaondoka kwa adhana ya magharibi. Kwa hivyo kila siku nina kama saa mbili za kuwapigia muziki.

Shida ni kwamba nikiiacha simu ijichagulie, inaanza Malaika, inakwenda Jambo Bwana, inaingia Sina Makosa, halafu Malaika tena kaimba mtu mwengine. Juzi mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, aliposikia Jambo Bwana alivaa makubadhi yake akasimama. "Mwanangu, mimi si mtalii." Akenda kunywa kwa jirani. Wenziwe watatu nao wakamfuata, maana dhumna haichezwi na watu watatu wakanoga.

Nataka albamu nzima, si wimbo mmoja mmoja. Ziwe ambazo watu hawazijui au wamezisahau. Nina masharti mawili tu: zisiwe na matusi ya wazi, msikiti uko hapo nyuma, na zisinimalizie bando.

KijanaWaKisauni

Kilio cha Haki ya Ukoo Flani Mau Mau, 2004. Ukoo Flani walianzia hapa hapa Mombasa kabla ya kuungana na wale wa Dandora, na siku hizi ukiwataja vijana wenzangu wanakutolea macho tu. Najua umesema wazee, lakini wazee si wanapenda mashairi? Hayo ni mashairi.

MuuzaKahawa

Hiyo nitakupigia wewe ukija saa mbili usiku, wazee wakishalala.

FundiKanda

Ngoja kwanza nikwambie kwa nini unatafuta hupati. Hapa kwetu hatukuwa na mazoea ya albamu. Miaka ya 60 na 70 muziki wa Mombasa ulitoka kwa santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Lebo ya Mzuri ilizitoa kwa wingi. Upande mmoja haubebi dakika nyingi, na wimbo wa taarabu una beti zake, una kiitikio, na katikati ala lazima zipate nafasi ya kujisemea. Basi wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ugeuze.

Kisha zikaja kanda. Mtu anarekodi harusini, anampelekea muuza kanda, na muuza kanda anakutolea nakala huku umekaa kwenye kibao unangoja. Jalada hakuna. Jina limeandikwa kwa kalamu, na pengine limekosewa. Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa Majengo albamu za Maulidi Juma atakutazama, ilhali nyimbo zake anazijua mpaka pale waitikiaji wanapovuta pumzi.

Waliokuja kutengeneza albamu ni watu wa nje. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mbili za hapa kwetu: Mombasa Wedding Special ya Maulidi na kundi lake, na Mtindo wa Mombasa ya Zein Musical Party. Zote mbili ziliuzwa Ulaya kwa CD, na sisi wakati huo tulikuwa tukizungusha kanda kwa kalamu ili tusimalize betri. Hazikufika Marikiti, basi. Si kwamba zina kasoro.

Anza na ya Zein. Zein l'Abdin alikuwa mtu wa Lamu, akaishi Mombasa mpaka alipofariki 2016, na sijasikia mwengine wa pwani hii aliyeupiga udi, ile ala ya nyuzi, namna ile. Hana pupa. Anaugusa udi, anauacha useme, halafu ndipo anaingia na shairi, na kila neno unalisikia herufi kwa herufi. Kuna watu husema yuko polepole mno. Mimi nasema hao wakanywe soda. Lakini kwenye spika yako punguza besi. Hizi spika ndogo zimetengenezwa kwa ngoma za kisasa, ukiiacha ilivyo utasikia gumegume tu na udi usiuone.

Ya Maulidi ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni harusi. Humo ndani muna tashkota, na kama hujawahi kuiona kwa karibu: ni ubao mrefu wenye nyuzi, na juu yake vibonyezo kama vya taipureta. Mkono wa kushoto unabonyeza, wa kulia unakwaruza. Asili yake ni Japani, wenyewe wanaiita taishogoto, ikapitia India ndipo ikatufikia. Ikitiwa umeme inalia kama nyuki aliyesomea muziki. Ukisikia tashkota na chakacha, ile ngoma ya harusini, pamoja, hata mwenye goti bovu atatikisa bega.

BintiKibokoni

Fundi umesema vizuri, ila wanaume mkizungumzia taarabu ya harusi mnasahau ilikuwa ya nani. Wanawake ndio waliokuwa wakilipa kundi, wanawake ndio walioamua wimbo upi urudiwe. Mimi nimekulia chini ya viti vya harusi hizo. Nilikuwa namwona mama yangu mdogo anainuka taratibu, noti imekunjwa kati ya vidole viwili, anapita mbele ya mtu fulani makusudi, anamtunza mwimbaji ubeti ule ule unapoimbwa, halafu anarudi kukaa kama hakuna lililotokea. Ukumbi mzima umeshaelewa.

Kwa hivyo ushauri wangu una pande mbili. Tafuta Jino la Pembe ya Zuhura na kundi lake, ni ya mwanzoni mwa miaka ya 90, GlobeStyle hao hao. Zuhura Swaleh ana sauti ya mtu anayekusema na huku anakukaribisha chakula. Watu wakiorodhesha wakubwa wa Mombasa wanaanza na wanaume watatu wanne, yeye wanamtia mwisho kama achari. Huo ndio usahaulifu unaoniudhi mimi.

Upande wa pili: matusi ya wazi hutayapata, lakini mafumbo yamo. Na hao wazee wako wa Bondeni wanakumbuka wimbo gani ulimwendea nani, mwaka gani, mtaa gani. Ukiona mmoja kanyamaza ghafla na kombe lake la dhumna mkononi, badilisha wimbo usiulize.

(Na mkiwa mnazungumzia kanda za harusi: ya harusi ya mama yangu niliipeleka dukani itolewe nakala. Nikarudishiwa na upande B umerekodiwa juu yake mechi ya mpira. Nusu saa ya mtangazaji akipiga kelele za kona. Sitaji duka. Mpaka leo nikifika ule mtaa navuka barabara.)

FundiKanda

Binti, pole. Ulikuwa umevivunja vile vijiplastiki viwili vya mgongoni? Ukivivunja kanda hairekodiki tena juu yake.

BintiKibokoni

Sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

MtangaAsilia

Nyinyi watu wa Mombasa mnajipenda. Mpigie Nyota, ya Black Star na Lucky Star, GlobeStyle 1989. Ni Tanga hiyo. Sisi ndio tuliotia magitaa kwenye taarabu mkatuiga, na mkitaka ushahidi isikilizeni Zanzibara 10, inachanganya Tanga na Mombasa kuanzia 1970 mpaka 1990, muone nani alikuwa akimfuata nani.

ChaleWaMakadara

Mtanga usilete vita hapa, mtu kauliza muziki wa kunywea kahawa.

Mwenye uzi, kama unataka kitu kimoja tu cha kuanzia mimi ningekupa Zanzibara 2. Huo ni mfululizo wa Buda Musique ya Ufaransa, na namba 2 yote ni taarabu ya Mombasa, 1965 hadi 1975. Ni zile zile santuri alizosema Fundi, zimesafishwa zikawekwa pamoja. Bhalo yumo, Matano Juma yumo, Zein akiwa bado kijana yumo. Juma Bhalo nasikia watu wakisema "aliimba Kihindi tu". Aliyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi, ndiyo, lakini lile shairi analolitia ndani yake si la Bombay, na koo lile halikuwa na mwenziwe mpaka aliposhuka kaburini 2014.

Kuna nyingine ya zamani zaidi kwa kutolewa, Songs the Swahili Sing, 1983, ya Original Music. Nayo ni pwani ya Kenya.

Usije ukawapigia Poetry and Languid Charm, ya Topic Records ya 2007. Mimi naipenda mno. Ina nyimbo za kuanzia miaka ya 1920, na Siti binti Saad yumo, yule aliyevuka mpaka Bombay 1928 kwenda kurekodi. Lakini santuri za wakati ule zina mkwaruzo. Niliiweka nyumbani, babangu akaniuliza nani anakaanga viazi karai saa hizi.

KijanaWaKisauni

😂😂 viazi karai

MpwaWaLikoni

Si kila mzee ni wa taarabu. Wangu alikuwa mtu wa dansi. Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, 1989, ilitoka kwa Real World huko Uingereza. Kila mtu anamjua Remmy lakini muulize kama ameisikiliza ile albamu yote kutoka mwanzo. Au World Defeats the Grandfathers, nyimbo za Issa Juma za 1982 mpaka 1986 zilizokusanywa na Sterns. Issa Juma huyu watu humwacha wakataja bendi za Simba Wanyika na Les Wanyika. Sauti yake ina uzito mwengine kabisa. Jina la albamu wazee usiwatafsirie, watadhani wanatukanwa.

MuuzaKahawa

Ahsanteni sana, Mola awajaze kheri. Suala la bando je? Kila siku saa mbili nitafilisika.

FundiKanda

Usisikilize ikiwa hewani. Inunue au ipakue mara moja mahali penye waifai, iweke kwenye simu, basi. Faili ya kawaida inakula kama MB 1 kwa dakika, kwa hivyo albamu ya saa nzima ni MB 60 hivi. Video moja ya ile mizaha mnayotumiana inazidi hapo.

Na waulize hao wazee kama wana kanda majumbani. Hapo ndipo penye albamu zenyewe ambazo hakuna kampuni iliyowahi kuzitoa. Ukiletewa moja usiitie kwenye redio papo hapo. Itazame kwanza dirishani. Ukiona unga mweupe kwenye utepe hiyo ni kuvu, itachafua kichwa cha redio na kanda utakayotia baada yake. Kile kijisponji cha katikati nacho kikidondoka sauti inafifia, lakini hicho ni kazi ya dakika kumi na gundi kidogo. Mimi nina redio nzima, niletee nikutolee kwenye kompyuta. Sitarekodi mpira.

BintiKibokoni

Nimekusikia.

MuuzaKahawa

Narudi na habari, leo siku ya nne.

Siku ya kwanza niliweka Mtindo wa Mombasa, besi nimepunguza kama nilivyoagizwa. Nusu saa ya kwanza sikuusikia ule udi kwa sababu ya dhumna. Hawa watu hawaweki kombe, wanalipiga juu ya meza kama wanaua nge. Nikatandika gunia la mchele juu ya meza. Wakalalamika dhumna imekosa ladha, lakini Zein akasikika. Mmoja akasema, "Huyu alikuwa akipita hapa." Mwengine akasema hakuwa akipita hapa, alikuwa akipita kule. Wamebishana mpaka adhana, na nimeuza madele yote mawili.

Siku ya pili Maulidi. Mabega, kama Fundi alivyosema. Wimbo wa tatu mzee mmoja kanyamaza na kombe mkononi, nikakumbuka onyo la Binti nikaurusha. Akanitazama akasema, "Ahsante." Sijauliza.

Jana mvua, sikufungua.

Leo nimeweka Zanzibara 2. Yule mstaafu wa bandarini amerudi, kaja na makubadhi yake na wenziwe wote. Ulipoanza wimbo mmoja hakusema kitu, akaufuata kwa chini chini, shairi lote analo. Ilipofika katikati akaruka. Mwimbaji yuko ubeti wa tatu, yeye yuko wa nne, kisha kanyamaza kajishangaa. Tukacheka. Akatwambia ile santuri alikuwa nayo Tudor, upande wa pili ulikuwa na mchubuko, sindano ilikuwa ikiruka pale pale kila siku. Huo ubeti hajawahi kuusikia.

Nikamrudishia wimbo mwanzo. Wakaacha dhumna. Ulipofika pale pale, akaruka tena.