Mashine ikimwaga maji, sinki la jikoni linajaa. Nianzie wapi?

Kifungo Kimoja:
Wakuu, nisaidieni kabla sijaharibu zaidi. Mpira wa kutolea maji wa mashine ya kufulia umeungwa kwenye bomba la maji machafu la sinki la jikoni. Miaka miwili kimya, hakuna shida. Sasa mashine ikimwaga tu, sinki linagugumia, maji meusi yenye nyuzinyuzi yanapanda hadi karibu na ukingo, halafu yanashuka kwa kujivuta. Nikiosha vyombo, yanaenda bila tatizo! Jana ndiyo nimechoka: nimekuta maji ya vyombo, na mafuta yake juu, yametuama ndani ya ngoma ya mashine. Pampu imekufa?

Spana Mkononi:
Pampu ingekufa, maji yangebaki kwenye mashine. Hiyo yako ni nzima, tena ina nguvu. Palipoziba ni mbele ya pale mabomba mawili yanapokutana. Ukiosha vyombo maji yanapita kidogo kidogo, na kile kinjia kilichobaki kinayatosha. Mashine inasukuma mengi kwa mkupuo. Yakikosa pa kupita yanatafuta palipo wazi, yaani sinki. Hakikisha hivi: ziba sinki, lijaze, kisha achia yote kwa pamoja.

Mzee wa Mkato:
Kostiki, ile dawa kali ya kuzibulia, na maji ya moto. Kwangu ilimaliza kazi.

Spana Mkononi:
Mzee, siungi mkono. Kostiki kwenye maji ya moto inachemka na kuruka, macho ni mawili tu. Na isipozibua, inabaki imetuama humo ikimngoja atakayefungua bomba kwa mikono.

Kifungo Kimoja:
Nimejaza, nikaachia. Yameshuka kidogo yakagoma. Nina ile pampu ya mpira ya kuzibulia, niitumie?

Bi Ndoo:
Kwanza kunja mpira wa mashine uubane kabisa, la sivyo uchafu wote unausukumia kwenye mashine. Ila mimi ningefungua ile kona ya U chini ya sinki. Weka ndoo, legeza nati kwa mkono, isafishe, kisha ingiza waya wa kuzibulia kwenye bomba linaloingia ukutani na uzungushe ukiusukuma. Mafuta ya vyombo yakishikana na nyuzi za nguo hayatoki kwa maji matupu.

Hayo ya kwenye ngoma ni kwa sababu mpira wako umelala chini. Uinue, uufunge juu kabisa chini ya meza ya sinki, ndipo ushuke kwenye kiungo.

Kifungo Kimoja:
Wakuu, U ilikuwa na uchafu kidogo tu. Ukutani ndiko kulikokuwa na kazi: waya umetoka na kitu cha kijivu, kirefu kama kiganja, kinateleza kama sabuni, na kifungo cha shati katikati. Harufu siielezi. Mpira nimeufunga juu. Sasa hivi mashine inamwaga, nimeinama hapa na tochi... maji yamechungulia kidogo kwenye tundu la sinki, yamerudi.

Bi Ndoo:
Ndoo usiitoe leo. Pitisha kitambaa kikavu kwenye nati zote, uone kama kinalowa.