Steringi hafi? Tupeane uzoefu: nani alikuwa steringi wa familia yenu

Habari za wakati huu wakuu.

Sisi tuliokulia kwenye banda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani, tulijua sheria kabla filamu haijaanza: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, lazima ataibuka. Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, akitafsiri juu ya milio ya bunduki, nani angebisha? Rambo naye alituingia mpaka mfuko wa plastiki ukaitwa kwa jina lake, na serikali ya Tanzania ilipoipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019, mtaani kwetu habari ilikuwa "rambo mwisho leo".

Tukatoka bandani, lugha ile tukawavika watu wetu. Anayelipa ada za wadogo zake, anayesimamia misiba, anayepigiwa simu saa nane za usiku mgonjwa akizidiwa, huyo ndiye steringi, mwamba, jembe, jeshi la mtu mmoja. Tunasema kwa mapenzi, hilo silipingi. Ila nimeona jina hilo likimziba mtu mdomo.

Kwetu alikuwa kaka mkubwa. Baba alipofariki akashika usukani wa daladala, tukasoma wote. Miaka yote hiyo alikuwa anaficha vidonge vya presha ndani ya gari ili mama asivione. Konda wake ndiye aliyekuja kutuambia. Kaka tulipomuuliza alijibu, "Mngemtegemea nani?" Jibu lile linanikera na kuniumiza mpaka leo.

Karibuni. Kwenu alikuwa nani, na nani alikuwa anamjulia hali?

Binti wa Tanga
Mkuu umenigusa. Niko Muscat, kazi za ndani. Kwenye grupu la familia naitwa Superwoman, na picha yangu wameichora joho jekundu. Nikiandika naumwa, najibiwa "wewe chuma dada, utapona". Siku moja nilituma ujumbe wa sauti, nikasema wazi: mgongo unauma, mwezi huu sitatuma, dawa za mama zinunuliwe huko huko. Grupu likapoa siku nzima. Jioni mdogo wangu wa bodaboda akapiga, akasema dawa ameshanunua, na mwezi ujao atanunua yeye tena. Ameendelea hivyo. Joho wameliacha, nami silichukii, nafurahi wakinitania. Nilichotaka ni kuulizwa "umelala?"

Mtu wa Kipini
Huku kwetu steringi wa kwanza ni Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, na yeye alikufa. Mkuki haukumdhuru, mshale haukumdhuru. Sindano ya shaba kitovuni ndiyo iliyomuua, na aliyeishika ni mwanawe wa kumzaa. Soma utenzi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Mahali panaponishika ni baada ya kuchomwa: Liyongo anatoka, anapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, anafia pale pale. Watu wanakaa na kiu kwa kumwogopa, hawajui kwamba amekwisha kufa. Bibi yangu akifika hapo alikuwa anasimama kusimulia, anatutazama mmoja mmoja, kisha anasema: "Hakuna aliyesogea kumtazama." Nikisoma habari za kaka yako namkumbuka bibi.

Nesi wa zamu
Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliitwa mashujaa redioni, misikitini, makanisani. Kuna makanga alikataa nauli yangu, akaniambia "sista, leo umelipiwa". Nilishuka matatu nikilia kwa furaha. Makanga yule alitoa cha kwake. Wengine walituita mashujaa kisha barakoa zikawa za kuhesabiana. Mimi shujaa nahitaji barakoa, na mtu wa kunipokea zamu.

Mama Wawili
Wakuu, yangu ni ya furaha. Mume wangu ni mkwezi wa minazi, tuko pwani ya Pangani. Watoto wa jirani wakimwona anapanda wanapiga kelele "Spider-Man!", na yeye juu huko anawapungia mkono. Anaipenda heshima hiyo, maana zamani ukwezi ulidharauliwa sana hapa kijijini. Msimu wa mvua walikuja mlangoni kumuuliza kwa nini hapandi. Akawakalisha barazani, akawaambia mnazi ukilowa unateleza, na yeye akianguka anavunjika kama wao. Mdogo kabisa akamuuliza, "Sasa dafu tutakula lini?" Akamjibu, "Jua likiwaka, baba."