Wimbo wa kufungulia kipindi: unamwita mtu mzima au unamfukuza?

Mama wa hoteli, Kibuye, Kisumu

Nina hoja, na naomba tuichangie kwa heshima. Nina hoteli ndogo karibu na soko la Kibuye, meza sita, na runinga moja imefungwa ukutani juu ya kaunta. Ikiwaka, mimi huwa nimeipa mgongo. Ninachoona ni nyuso za wanaoitazama, na kwa miaka hii yote nimezisoma nyuso hizo kuliko ninavyosoma gazeti.

Mteja hangoji kipindi chenyewe ndipo aamue kukaa au kuondoka. Anaamua kwenye utangulizi, zile picha na wimbo wa mwanzo ambazo vijana wanaziita intro, kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Kuna wimbo ukianza, mtu wa mkokoteni anasimama mlangoni na jasho lake, anaomba chai ambayo hakuwa na mpango wa kuinywa. Kuna mwingine ukianza, mikono mitatu inainuka kuomba rimoti.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Jioni moja aliingia mzee fulani pamoja na mke wa mwanawe. Walikuwa wametoka hospitali, bado wameshika ile bahasha kubwa ya eksirei. Waliketi meza mbalimbali, kama ilivyo desturi, wakaagiza mbuta wa kukaanga na ugali. Ikaanza tamthilia ya ng'ambo iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Utangulizi wake ni vitanda tu: huyu anafunguliwa vifungo, yule anabusiwa shingoni, tena polepole, kwa kama dakika moja na nusu. Yule mama kijana aliinamisha kichwa akaanza kuchambua miiba ambayo haikuwepo. Mzee akainuka, akaacha nusu ya samaki kwenye sahani, akaenda kusimama nje karibu na jiko la makaa mpaka mwenzake amalize. Na kipindi chenyewe? Ndugu wawili wanagombania shamba la marehemu baba yao. Hadi kinaisha hakikuwa na cha aibu hata kimoja. Ni hadithi ambayo mzee yule angeitazama na kuitolea maoni, maana mambo ya shamba anayajua.

Mimi sitaki utangulizi uondolewe. Nataka ulingane na kilichomo, na uwe wa kutazamika ukiwa umeketi na mkweo. Mnasemaje?

Mhariri wa video, Nakuru

Mama, pole kwa yaliyompata mzee. Lakini mimi nasema ukatwe, wote, mzuri na mbaya. Tamthilia inayoonyeshwa siku tano kwa wiki, yenye utangulizi wa dakika moja na nusu, kwa mwaka inakulia saa sita na nusu za kutazama kitu kilekile. Mtu mzima ana kazi, ana watoto wa kulaza, na wengi siku hizi wanatazama kwa simu, kwa bando walilolipia.

Netflix, wale wa kuonyesha filamu kwa mtandao, waliweka kitufe cha kuruka utangulizi mwaka 2017. Mwaka 2022 wakatangaza kwamba kwa siku ya kawaida kinabonyezwa mara milioni 136, na muda unaookolewa ukijumlishwa unafika miaka 195. Siku moja tu hiyo. Watazamaji wameshatoa jibu, sisi tunajadili nini?

Muuguzi, Siaya

Mimi nikitoka zamu, hizo sekunde ndizo za kuvua viatu na kufunika sufuria. Wimbo ukiwa unaimba najua bado sijapitwa na kitu. Mnaotazama kwa simu mnaweza kusimamisha kipindi mkitaka. Runinga yangu ni ya antena, haimsubiri mtu.

Mwalimu mstaafu, Kakamega

Kijana wa Nakuru, hesabu zako ni sahihi, ila umehesabu mtu mmoja aliye peke yake na simu yake. Runinga huku kwetu haikuanza hivyo.

Nilipokuwa mwalimu mgeni, siku ambazo shirika la utangazaji la taifa liliitwa Sauti ya Kenya, kabla halijarudi kuitwa KBC mwaka 1989, kijiji chetu kilikuwa na runinga mbili. Moja ilikuwa kwa jirani mwenye umeme. Ya pili ilikuwa kwangu, Greatwall ya rangi nyeupe na nyeusi, ikitumia betri ya gari. Betri ile ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni kila Jumamosi kuchajiwa, na ukiitumia ovyo inakufa Jumatano, na hapo umekosa vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani mpaka wiki nyingine. Kwa hiyo hatukuwasha mapema. Tulikaa gizani tukisikiliza upande wa jirani. Wimbo wa kipindi ukisikika kwake kupitia ua wa michongoma, hapo ndipo nilipounganisha nyaya. Mke wangu alijua ni wakati wa kuepua ugali, watoto wa majirani walijua ni wakati wa kunawa miguu na kuja. Wimbo ule ulikuwa ukiita watu wa boma nne kwa mara moja. Ungekatwa ukabaki wa sekunde tano, nusu yao wangefika hadithi imeshaondoka.

Sasa kuhusu yule mzee, naomba nilizungumzie kwa urefu kidogo kwa sababu naona vijana mtalipita. Katika nyumba nyingi za huku magharibi, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono hata leo. Baba mkwe hakai kiti kimoja na mke wa mwanawe. Hiyo si chuki, ni namna tunavyotunzana. Ukimwonyesha mzee na mkwewe kitanda, hata cha sekunde tatu, humwachii nafasi ya kujifanya hakuona. Analazimika kuondoka, na yule binti anajua kwa nini ameondoka, na jioni yote imeharibika. Mbaya zaidi, tukio la ndani ya kipindi linaonyeshwa mara moja na kwisha. La kwenye utangulizi linarudi kesho, na kesho kutwa, saa ileile, kwa miezi. Mzee akishajua hivyo hangoji tena kuona, kipindi hicho kimemtoka moyoni.

Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka yanayoonyeshwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku yafae familia nzima. Utangulizi nao uko ndani ya saa hizo.

Baba wa watoto watatu, Bungoma

Mwalimu, heshima kwako. Nina la tofauti kidogo. Sisi watu wazima tunafukuzwa pia na utangulizi unaotupa taarifa kwamba hapa hatutakiwi. Herufi zinarukaruka, rangi zinawaka, sauti za watoto zinapiga kelele, basi baba anachukua rimoti. Hata mimi nilikuwa na sheria nyumbani: katuni mwisho saa kumi na mbili jioni.

Siku moja nimetoka kukamua, natafuta pa kuvulia gambuti, nikasikia sauti ya msichana kwenye runinga ikisimulia kwa utulivu: kulikuwa na mataifa manne yaliyoishi kwa amani, halafu taifa moja likawavamia wengine. Hakuna kelele. Ilikuwa katuni, Avatar: The Last Airbender, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2005 kwenye idhaa ya watoto, Nickelodeon. Nilikaa na gambuti moja mguuni. Ni habari ya vita, ya kabila lililofutwa likabaki na mtoto mmoja. Kwa chini ya dakika utangulizi ule ulikuwa umenieleza nani ni nani na ugomvi ulianzia wapi, mimi ambaye sikuwa nimeona hata sehemu moja. Picha zilikuwa za kuchora, lakini aliyekuwa akisimulia aliniheshimu. Tangu siku hiyo tulitazama sote wanne hadi ikaisha, na ile sheria ya saa kumi na mbili nikaifuta.

Mhariri wa video, Nakuru

Nakubali moja. Utangulizi unaompa mtu mzima habari haurukwi kirahisi. Game of Thrones, tamthilia ya idhaa ya HBO ya Marekani, 2011, ilifunguliwa kwa ramani inayojijenga kwa magurudumu ya meno, na ramani ilibadilika kufuata miji itakayoonekana siku hiyo. Ilizidi dakika moja na nusu, na bado ilipata Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, ya ubunifu wa utangulizi mwaka huohuo. Hata sinema zilipitia haya. Miaka ya 1950 kumbi za Marekani ziliacha pazia limefungwa mpaka majina ya waigizaji yaishe, watu wako nje wananunua bisi. Mwaka 1955 mikebe ya filamu ya The Man with the Golden Arm ilipelekwa kumbini na agizo la kufungua pazia kabla ya majina, kwa kuwa msanifu wa michoro Saul Bass alikuwa ameyabuni kwa mistari myeupe juu ya giza, inayoishia kwenye umbo la mkono uliopinda, na filamu ni ya mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Ukikosa majina umekosa mwanzo wa hadithi.

Lakini hapo kuna fedha. Tamthilia ya bajeti ndogo haichori ramani. Mhariri anaambiwa achukue vipande vya sehemu zilizokwisha kupigwa, aviweke juu ya wimbo, na mwenye kazi anasema weka vile vya moto. Nimekaa kwenye kiti hicho, najua. Na zile za ng'ambo, mara nyingi maneno ndiyo yanayotiwa Kiswahili, utangulizi unakuja jinsi ulivyotengenezewa watu wengine na saa nyingine ya usiku.

Mama wa hoteli, Kibuye, Kisumu

Ahsanteni nyote. Mwalimu, umesema lililokuwa limenikaa kooni.

Mwanangu wa Nakuru, nimeirudia hesabu yako kwa kalamu. Miaka 195 ukiigawa kwa milioni 136 unapata kama sekunde 45 kwa kila mbonyezo. Anayebonyeza ni mtu aliyekwisha kuingia. Yuko sehemu ya nne usiku huohuo, wimbo ameshaukariri, anataka kuendelea. Huyo hatuhitaji kumvuta, tunaye. Mimi naulizia mtu wa usiku wa kwanza, anayepita njiani na njaa yake, ambaye hana kitufe chochote isipokuwa miguu. Wangapi waliinuka kama mzee wangu, hakuna kompyuta iliyowahesabu.

Siku hizi rimoti inakaa kwenye mfuko wa aproni yangu. Utangulizi ule ukianza nahamisha kwa habari, nahesabu mpaka tisini huku nageuza samaki, narudisha. Wateja wameshazoea, wengine wananisaidia kuhesabu. Juzi nilirudisha mapema, nikaona vichwa vyote vikiinama kwenye sahani kwa pamoja, nikajua bila kugeuka.

Yule mzee amerudi mara mbili. Mara zote amechagua kiti kinachoipa runinga mgongo, kwa hiyo sasa tunatazamana mimi na yeye, na kipindi cha mashamba kinasikika juu yetu.

Nikuulize basi wewe uliyekaa kwenye kiti hicho. Tamthilia hiyo ina yule mama anayepanda mahindi na wanawe wakirushiana maneno, ina kaburi la baba, ina chifu na hati ya shamba. Wimbo uleule ubaki. Ukipewa vipande hivyo badala ya vitanda, kuvikata upya ni kazi ya siku ngapi, na ni pesa ngapi?