Mkahawa wa mikate ndani ya jumba la maduka pembeni mwa Kampala: nikague nini kabla ya kusaini?

Mikate_Kira
Habari zenu wote. Nimepewa rasimu ya mkataba wa miaka 5 kwa chumba cha mita za mraba 45, ghorofa ya kwanza, kwenye jumba kubwa la maduka upande wa Northern Bypass. Nitaweka oveni ya umeme ya kilowati 9, mashine ya kahawa ya kilowati 3.5, mashine ya kukandia unga ya kilowati 1.5 na majokofu mawili. Nina maswali matatu. Supamaketi kubwa za majumba haya zimekuwa zikiondoka na nyingine kuingia: hilo linanihusu vipi mimi mpangaji mdogo? Kwenye umeme, maji na majitaka niulize nini? Halafu kodi imeandikwa kwa dola na kuna ada ya huduma juu yake. Hesabu yake inakwendaje?

Msimamizi_Majengo
Dada, anza na supamaketi, mengine yatafuata. Mtu haendeshi gari kutoka Kira kufuata keki. Anafuata sukari, nyama na sabuni, na keki inamkuta akiwa njiani kurudi kwenye gari. Ndiyo maana mpangaji mkuu hulipa kodi ndogo kwa kila mita kuliko wewe: mwenye jengo anamlipia kwa kumpunguzia, kwa sababu ndiye anayeleta watu.

Kampala imeshayaona haya. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia nchini mwaka 2000. Garden City ilisimama kando ya uwanja wa gofu ikiwa na Uchumi ya Kenya, na Lugogo Mall ikawa na Shoprite na Game, duka jingine kubwa la Afrika Kusini. Northern Bypass, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilifunguliwa 2009. Nyumba zikajaa Naalya, Kira na Najjera, na maduka yakawafuata watu. Metroplex ya Naalya ni mfano wa kuhama huko: mtu wa pembeni hana tena sababu ya kuingia mjini kwa ajili ya ununuzi wa wiki. Kisha Uchumi ikafunga matawi yake ya Uganda Oktoba 2015, Nakumatt ikaanguka 2017, Shoprite ikaondoka 2021 na Carrefour ikachukua sehemu zake sita. Acacia Mall, pale Kisementi, imepitia Nakumatt, Shoprite na Carrefour. Iliendelea kuishi kwa sababu ina sinema, mikahawa na wakazi wa Kololo waliokaribu. Jumba lisilo na nguzo ya pili halivumilii miezi sita ya mlango mkubwa uliofungwa.

Kwa hiyo uliza mambo haya kwa maandishi: mkataba wa supamaketi unaisha lini, na je, ina haki ya kuuvunja katikati? Ukiisha mwaka wa 2 wa mkataba wako, ujue miaka yako mitatu ya mwisho ni ya kubahatisha. Omba kifungu kinachosema supamaketi ikifungwa zaidi ya siku 90, kodi yako inashuka kwa nusu hadi mwingine afungue, na ikipita miezi 6 unaweza kuondoka kwa notisi ya siku 60 bila faini. Wenye majengo wengi watakataa kupunguza kodi. Usiachie haki ya kuondoka.

Tena pita ndani ya supamaketi yenyewe. Ikianza kuumwa, huonekana rafuni kabla ya magazeti: bidhaa moja imetandazwa mita tatu ili kuficha pengo, kaunta ya nyama imefungwa, maziwa ni ya kampuni moja tu. Maana yake wasambazaji hawalipwi na wameacha kuleta mzigo. Hesabu pia magari, Jumamosi saa kumi na moja jioni na Jumanne saa tano asubuhi. Ya Jumanne ndiyo muhimu kwa mkahawa.

Fundi_FeziTatu
Nijibu ya umeme. Jumla ya vifaa vyako ni kama kilowati 15.5 ukiweka majokofu (kilowati 1) na taa (0.5). Kwa fezi moja (njia moja ya umeme) ya volti 240 hiyo ni karibu ampea 65 vyote vikiwaka pamoja, na vyumba vingi vidogo hupewa fezi moja ya ampea 60 au chini. Saa moja asubuhi oveni inapanda joto, kahawa inachemka, unga unakandwa, breka inaanguka. Dai fezi tatu, ampea 32 kwa kila fezi. Oveni igawanywe fezi zote tatu (itavuta kama ampea 12.5 kila moja), mashine ya kahawa iwe fezi ya kwanza, ya kukandia na majokofu ya pili na ya tatu. Ukiirundika yote fezi moja, utakuwa umelipia nyaya za fezi tatu bure.

Jenereta: usiulize "ipo?" Zipo karibu kila jumba kubwa tangu mgao mkali wa 2005 na 2006, Ziwa Victoria liliposhuka. Uliza kama inabeba vyumba vya wapangaji au taa za korido na lifti tu. Baadhi hubeba soketi na taa lakini hukata oveni na viyoyozi. Uliza pia mita ya kupimia umeme. Jenereta hula takriban lita 0.3 za dizeli kwa uniti moja (kilowati-saa). Dizeli ikiwa shilingi 5,000, uniti inakuwa 1,500 kwa mafuta tu, bila matengenezo. Uniti ya gridi, yaani umeme wa taifa, haifiki nusu ya hapo. Mita nzuri ina rejista mbili, moja ya gridi na moja ya jenereta. Kama hakuna, dizeli hugawanywa kwa mita za mraba. Hapo mwenye oveni kama wewe anafaidika na muuza simu jirani anaumia, lakini siku wapangaji wakilalamika mfumo utabadilishwa, na bajeti yako itabadilika nao.

Umeme ukikatika, jenereta huchukua sekunde 10 hadi 15 kushika mzigo. Jokofu likizimika na kuwaka haraka hivyo, kompresa inajaribu kuzunguka dhidi ya presha ya gesi na inaungua. Weka kinga ya kuchelewesha dakika 3 kwa kila jokofu. Mashine ya malipo, kompyuta na EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato) viweke kwenye betri ndogo ya UPS.

Hesabu_Ntinda
Kuhusu dola. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inahusu majengo ya biashara pia. Kodi ni ya shilingi isipokuwa pande zote zimekubaliana waziwazi vingine, kwa hiyo saini yako kwenye rasimu hiyo ndiyo makubaliano yenyewe. Sheria hiyohiyo inaweka ukomo wa nyongeza ya kodi kwa asilimia 10 kwa mwaka.

Mfano wa hesabu tu, si bei ya jumba lolote: kodi dola 18 na ada ya huduma dola 4 kwa mita ya mraba kwa mwezi. Mita 45 zinatoa 810 na 180, jumla 990. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 ni 178.2. Unalipa dola 1,168.2 kwa mwezi. Dola ikiwa 3,600 hiyo ni shilingi 4,205,520. Ikipanda hadi 3,900 ni 4,555,980. Zaidi ya laki tatu na nusu kila mwezi na bei ya mkate haijasogea. Ikiwa hawakubali shilingi, omba kiwango cha kubadilishia kiwe na dari na sakafu, tuseme 3,500 hadi 3,800, kipitiwe kila mwaka.

VAT hiyo unairudisha kwenye hesabu zako ukiwa umesajiliwa tu. Usajili ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 150 kwa mwaka. Usiposajiliwa, hiyo asilimia 18 juu ya kodi ya chumba ni gharama yako kabisa.

Pima chumba mwenyewe. "Mita 45" za mkataba zinaweza kuwa na nguzo, nusu ya ukuta na kipande cha korido. Ukipata 41 za kutumia, kodi yako halisi ni karibu dola 19.8 kwa mita, si 18.

Mkataba wa miaka 5 usajiliwe kwenye hati ya ardhi. Kabla ya hapo fanya upekuzi ofisi ya ardhi: jumba likiwa rehani, ridhaa ya benki iwe imeandikwa. Benki ikichukua jengo na haikuridhia upangaji wako, unabaki na kesi badala ya duka.

Msimamizi_Majengo
Naafiki yote isipokuwa la dari na sakafu: kwa chumba cha mita 45 wachache watakubali. Rahisi zaidi kupata ni miezi 2 ya bure wakati wa kujenga, ianze kuhesabiwa siku umeme wako wa fezi tatu unapowaka, si siku ya kupewa ufunguo. Tofauti ya siku hizo huwa kubwa.

Mikate_Kira
Nimeelewa, ahsanteni sana. Jirani wa chini ni duka la nguo. Na walikuwa wamesema mitungi ya gesi ruksa.

Bomba_na_Moto
Duka la nguo chini yako linabadilisha mambo. Siagi ikipoa ndani ya bomba la milimita 100 inaganda kama sabuni, unga unashikana nayo, na maji yanatokea sehemu ya chini kabisa, yaani kwake. Weka chemba ya kunasa mafuta yako mwenyewe chini ya sinki, kabla ya bomba la pamoja. Ifunguliwe kila wiki, na isafishwe pindi mafuta na mashapo yakifika robo ya kina. Usimwage maji ya moto kuyeyusha: mafuta yatasafiri na kuganda mita kumi mbele, mahali usipofikia. Sakafu ya jikoni ipakwe kizuia maji hadi sentimita 15 ukutani kabla ya vigae, na uimwagilie maji saa 24 kuijaribu, mwenye duka la nguo akiwa anaangalia dari yake.

Gesi ndani ya chumba cha ghorofani ikatae hata wakiruhusu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, huteremka kwenye ngazi na shimo la lifti. Mitungi ikae nje ndani ya kizimba, bomba liingie na valvu ya kufungia iwe mlangoni. Oveni yako ni ya umeme, huihitaji kabisa.

Kizima moto cha CO2 kiwe karibu na paneli ya umeme. Ukikaanga mandazi, ongeza cha kemikali ya majimaji (wet chemical, si maji ya kawaida) kwa mafuta ya moto, kwa kuwa cha poda huzima halafu moto unarudi. Kabla ya kusaini, sukuma mlango wa dharura wa ghorofa yako. Tangu mabomu yaliyolipuka Kampala Julai 2010, ukaguzi milangoni umeongezeka mjini, na milango ya nyuma mara nyingine hufungwa kwa kufuli ili walinzi wabaki na mlango mmoja wa kukagua. Ukikuta kufuli, iandike kwenye orodha ya marekebisho na usilipe amana hadi itolewe.