Naomba ushauri: mtoto anayajua maumbo kwenye chati, nje ya chati hayatambui

Mama Nasra:
Habari za jioni wanajukwaa. Binti yangu ana miaka minne na nusu, mwakani anaanza darasa la awali. Kwenye chati anataja vizuri: duara, mraba, pembetatu, mstatili. Nikimwonyesha kifuniko cha sufuria na kumuuliza kina umbo gani, ananyamaza. Pembetatu ikigeuzwa kichwa chini anasema hiyo siyo. Hata vyombo, mwiko na upawa kwake vyote ni kijiko. Nianzie wapi? Vifaa vya kuchezea vya dukani siviwezi kwa sasa.

Mwalimu wa Awali:
Dada, kwa umri huo ni kawaida kabisa. Pembetatu ya kwenye chati imekaa vilevile kila siku, kwa hiyo ameshika picha, hajashika umbo. Kata pembetatu za boksi, nyembamba na pana, zigeuzegeuze, mhesabu kona pamoja. Zikiwa tatu na pande zimenyooka, ni pembetatu hata ilale vipi. Fröbel, Mjerumani aliyeasisi chekechea mwaka 1837, aliwapa watoto mpira kwanza, kisha tufe, mche duara na mchemraba vya mbao, wavishike na kuvichezea. Wewe una chungwa, kopo la maziwa na boksi. Aviviringishe sakafuni aone kipi kinakwenda na kipi kinagoma.

Seremala:
Naongezea. Usiishie kumuuliza "hii inaitwaje", muulize pia kwa nini imekaa hivyo. Meno ya msumeno yana ncha ndiyo maana yanakata mbao. Uso wa nyundo ni bapa ili usiteleze kwenye msumari. Tairi la toroli likiwa mraba, toroli itakwenda? Msumeno auone kwa macho tu. Kupigilia, mpe vijiti na kipande cha gogo, apigilie kwenye udongo laini, na wewe uwe hapohapo.

Bibi wa Tanga:
Mwanangu, mpe beseni la maji ahamishe kwa mwiko, halafu kwa upawa. Mwiko ni bapa, maji yatamwagika yote, hatavichanganya tena. Na siku ya maandazi akae karibu nawe. Donge ukilisukuma ni duara, ukilikata msalaba unapata pembetatu nne.

Mwalimu wa Awali:
Bibi, shikamoo. Hapo kwenye andazi umenifurahisha, kwa sababu upande wa nje umepinda, kwa hiyo siyo pembetatu kamili. Mama Nasra, usimwambie. Apitishe kidole pande zote tatu, umuulize upi haufanani na wenzake.

Mama Nasra:
Asanteni sana, na bibi shikamoo. Sasa chati niitoe ukutani?

Mwalimu wa Awali:
Iache. Achague umbo moja hapo, kisha azunguke nyumba nzima kutafuta vitu vyenye umbo hilo. Asipopata leo, kesho atapata.